Jina alilolifuta malkia

Mwanangu mpenzi,

Picha yako imefika. Sanamu hiyo ya kando ya mto Tejo, hapo Lisbon, sijaiona kwa macho, lakini mwenyewe, Catarina wa Bragança, binti wa mfalme wa Ureno, tunajuana. Miaka yote niliyofundisha historia nilimpitisha darasani kwa dakika kumi tu, kengele ikilia tunaingia Napoleon. Sasa wewe unaniuliza: "Mama, hawa mabinti wa kifalme si walikuwa wakiuzwa tu kama marobota ya kitambaa? Walikuwa na sauti gani?" Nilianza kukujibu kwa simu, nikaona nitakumalizia bando.

Tuanze na bei, maana habari ya kuuzwa umeileta wewe. Huku kwetu mahari hutoka kwa mume. Kule ilikuwa kinyume: mwari ndiye aliyekwenda na mali, na ukubwa wa mali ndio uliopima uzito wa ukoo wake. Mkataba wa 1661 kati ya Ureno na Uingereza ulimwozesha Catarina kwa Charles II, mfalme wa Uingereza, pamoja na cruzado milioni 2, sarafu za Ureno, mji wa Tangier pale mlangoni mwa Mediterania, na Bombay. Ngome yetu hapa Mombasa ilikuwa chini ya kaka yake, mfalme Afonso, wakati huo, ila haikutiwa kwenye karatasi. Nikipita Mji wa Kale hulikumbuka hilo nikacheka peke yangu. Fedha taslimu hazikutimia. Waingereza walipofika Lisbon na meli zao kumchukua bibi harusi, walikuta sehemu kubwa ya malipo ni magunia ya sukari na viungo. Bombay nayo gavana Mreno aliing'ang'ania hadi 1665. Mwaka 1668 Charles akaikodisha kwa kampuni ya biashara ya East India kwa pauni 10 kwa mwaka. Pauni 10, mwanangu, kwa mji ambao leo ndio Mumbai!

Ureno haikuwa na ujinga. Ilikuwa imejikwamua kutoka kwa Hispania mwaka 1640 na Hispania ilikuwa haijakubali. Kwanza walijaribu kumwozesha Catarina kwa Louis XIV, mfalme wa Ufaransa. Ufaransa ikafanya amani na Hispania, Louis akaoa binti wa mfalme wa Hispania mwaka 1660, na Ureno ikaachwa mataani. Uingereza ndiyo iliyobaki. Askari wake wakaja wakapigana upande wa Wareno, na mwaka 1668 Hispania ikaitambua Ureno kuwa nchi huru. Kwa hesabu za vita, sukari ile ilifanya kazi yake.

Lakini nani alimuuza? Baba yake alikwisha kufa tangu 1656. Aliyeipanga ndoa ile ni mama yake mzazi, Luisa de Guzmán. Naye alikuwa Mhispania, aliyeletwa Ureno kwa ndoa ya namna hiyohiyo, na sasa alikuwa akitawala kwa niaba ya mwanawe Afonso na kupigana na nchi iliyomzaa. Nimelifikiria hili sana kuliko mengine yote. Aliyeyajua vizuri zaidi machungu ya kupelekwa ugenini ndiye aliyempeleka bintiye. Catarina aliondoka Aprili 1662, ana miaka 23. Miezi miwili baadaye Afonso akamsukuma mama yake nje ya utawala, na mwaka 1666 Luisa akafariki. Hawakuonana tena. Mimi nilikusindikiza uwanja wa ndege siku moja tu, nikaumwa kichwa siku tatu.

Unamkumbuka nyanya yangu kwa hadithi. Aliozwa Lamu kwa mtu asiyemjua sura, akaenda na kasha lake la mbao, na ufunguo wa kasha akauvaa shingoni mpaka anakufa. Habari ya mume hakuulizwa. Kasha lile, hata hivyo, hakuna aliyethubutu kuligusa.

Kasha la Catarina lilikuwa orodha. Malkia wa Uingereza alikuwa na mabibi wa chumba chake, wanawake wa koo kubwa waliomvisha, waliomsindikiza, waliokula mshahara na kusikia kila neno. Nafasi hizo ziligombewa kama kiti cha ubunge. Majira hayo ya joto ya 1662, ndiyo kwanza ameolewa Mei, aliletewa majina ayapitishe, na humo mumewe alikuwa ameliingiza jina la Barbara Villiers, kimada wake, aliyejifungua mtoto wa mfalme wiki chache baada ya harusi. Mama mtu alikuwa amemwonya bintiye mapema juu ya mwanamke huyo. Catarina akalikata jina.

Hebu lione hilo. Msichana aliyelelewa kitawa, Kiingereza hajui, wenyeji wanamcheka gauni lake pana la mtindo wa kwao, na kalamu yake inapita juu ya jina ambalo mfalme ameliandika. Mfalme akamshika Barbara mkono akamwingiza ukumbini katika jumba la kifalme la Hampton Court mbele ya watu wote. Catarina alimpokea kwa adabu kwa kuwa hakumtambua. Aliponong'onezwa ni nani, rangi ikambadilika, pua ikamtoka damu, akazimia, wakambeba nje.

Na alishindwa, nisikupambie. Charles aliapa kwamba atakayempinga katika jambo hilo atakuwa adui yake maisha yote, akawarudisha Ureno karibu watumishi wote wa mkewe, akimwachia wachache tu, mmoja wao bibi mgonjwa asiyeona vizuri. Mwishowe Catarina akainamisha kichwa, na Barbara akaipata nafasi.

Watu wengi huishia hapo, wakamwita mnyonge. Mimi naona alijifunza pa kuinama na pa kukaza. Dini yake ya Kikatoliki hakuibadilisha, hata kwa gharama ya kutotawazwa. Mimba zilitoka, mtoto hakupatikana, na wakubwa wakamshauri mfalme amwache aoe mwingine. Mwaka 1678 wakamzushia kwamba alitaka kumpa mumewe sumu. Charles alikuwa mzinzi wa kupindukia, watoto wa nje hawahesabiki kwa vidole vya mikono, lakini hapo alisimama na mkewe na talaka akaikataa. Heshima hiyo hakuzaliwa nayo Catarina. Aliichuma kwa miaka.

Ukitaka aliyeipaza sauti yake kwa nguvu, mtazame wifi yake. Marie Françoise wa Savoy aliletwa Lisbon mwaka 1666 kuolewa na Afonso, mgonjwa wa mwili na wa akili. Mwaka uliofuata akatoka ikulu, akaingia nyumba ya watawa, akaandika kwamba ndoa haikuwa ndoa na akataka mali yake arudishiwe. Fikiria serikali iliyochoshwa na vita inaambiwa irudishe mali ya harusi! Mwaka 1668 ndoa ilibatilishwa, akaolewa na Pedro, mdogo wake Afonso, ambaye tayari alikuwa amemnyang'anya kaka yake utawala. Alifika Ureno kwa safari moja tu, akaolewa na ndugu wawili, na mali ikabaki palepale. Huyo usiniambie ni robota.

Catarina yeye alirudi. Charles alikufa 1685, na mwaka 1692 mjane akafunga safari kurudi kwao baada ya miaka 30. Akajijengea jumba la Bemposta. Pedro alipougua, katikati ya vita na Hispania tena, alimkabidhi dada yake nchi, na mwaka 1705 majeshi ya Ureno yaliteka miji ya mpakani akiwa yeye ndiye kaimu. Mwari aliyetolewa ili Ureno ipone aliishia kuiendesha. Alifariki siku ya mwisho ya mwaka huo.

Kwa hiyo jibu langu, mama: siku ya saini hakuulizwa. Siku zilizobaki zilikuwa nyingi mno kwa mkataba kuzijaza zote.

Bemposta ipo hapo hapo Lisbon, siku hizi ni chuo cha maofisa wa jeshi. Jumamosi ukiwa huna kazi panda ukaitazame, hata kama ni kwa nje, na unipigie picha ya lango. Na chukua koti, naambiwa upepo wa mto huo si mchezo.

Mamako