Kwa unayeanza kazi ya fedha kwenye shirika la wafanyakazi wahamiaji Marekani

Wiki yako ya kwanza kwenye meza ya fedha, kila anayepita atakuuliza tuna hela ngapi. Mratibu anataka kukodi basi la kwenda bunge la jimbo, wakili anataka kumlipa mkalimani, mkurugenzi ana kikao na bodi. Ukiwasomea salio la benki utakuwa umewapotosha wote. Salio lile ni hela za watu mbalimbali zilizolala chumba kimoja, na kila moja ina mwenyewe. Jizoeze kuwajibu swali jingine: katika hizo, ngapi ziko huru?

Hela huru ni zile ambazo mfadhili hakuzifunga kwenye mradi wowote: michango ya watu wa kawaida, ada za wanachama, ruzuku za uendeshaji. Ndizo zinazolipa pango, bima na umeme. Nyingine zimefungwa, labda kwa mafunzo ya usalama kazini, labda kwa kesi za wafanyakazi wa majumbani katika jimbo moja tu. Kuzikopa kwa ajili ya pango ukisema utazirudisha mwezi ujao ni njia ya haraka ya kumpoteza mfadhili. Na ruzuku nyingi za miji na majimbo hulipa baada ya ninyi kutumia na kupeleka risiti, kwa hiyo hela huru ndizo zinazobeba mzigo wakati mnasubiri. Shirika linalowadai waajiri walipe mishahara kwa wakati haliwezi kuchelewesha ya watu wake. Mimi hilo naliweka juu ya kila kitu.

Kuna jambo moja linalowashtua karibu wageni wote. Tuseme mfadhili ametia saini ruzuku ya dola 300,000 kwa miaka mitatu, bila kudai mtimize jambo lolote kwanza. Kanuni za uhasibu za Marekani zinataka ahadi hiyo iandikwe kama mapato ya mwaka wa kwanza, takriban yote. Mwaka huo vitabu vitaonyesha faida nono. Mwaka wa pili mnatumia 100,000, mapato mapya hakuna, na taarifa inaonyesha hasara. Mjumbe wa bodi aliyezoea biashara ya duka atauliza nani kala hela. Mwandalie mapema jedwali la ukurasa mmoja: tulichoahidiwa, kilichoingia benki, kilichotumika, kilichobaki kwa kila mwaka. Mwonyeshe kabla ya kikao, msikilizane. Kinyume chake ni hatari zaidi, yaani mwaka wa kwanza watu wakaona faida, wakaajiri.

Sasa hela za kesi. Mpishi amedhulumiwa malipo ya saa za ziada, wakili wenu amepatana na mgahawa, na hundi ya dola 6,400 imefika ofisini. Usiiandike kama mapato. Hela hiyo ni ya mpishi, na inakwenda kwenye akaunti ya amana ya wakili, iliyotengwa kabisa na akaunti ya shirika. Hata riba yake si yenu. Kwa kawaida hupelekwa kwenye mfuko wa jimbo unaogharamia msaada wa sheria kwa maskini. Kila mwezi linganisha mambo matatu: taarifa ya benki, daftari la akaunti nzima, na daftari la kila mteja. Yasipokubaliana hata kwa senti, mwambie wakili siku hiyo hiyo, maana leseni yake iko hatarini.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu ndipo kazi yetu inapoachana na ya mashirika mengine. Mwaka 2020, msaada wa korona wa serikali kuu wa dola 1,200 ulipowaruka wafanyakazi wasio na namba ya Social Security (namba ya hifadhi ya jamii), California ilitoa dola milioni 75 na kuzigawa kupitia mashirika kama yetu, dola 500 kwa mtu mzima. Mwaka 2021 New York ikafungua mfuko wa dola bilioni 2.1 kwa walioachwa nje. Tangu hapo mashirika mengi yamekuwa na mfuko wa dharura, na wewe ndiye utakayeandika hundi. Mamlaka ya kodi, IRS, inataka uwe na kumbukumbu: nani kapewa, kiasi gani, kwa shida gani, na alichaguliwaje. Hofu ya watu wetu ya majina yao kufika serikalini unaifahamu. Kutunza kumbukumbu na kuwalinda, yote mawili yanawezekana. Fomu 990, yaani taarifa ya kila mwaka ambayo mashirika yasiyo ya faida hupeleka IRS, yenyewe haiombi majina ya waliosaidiwa. Inaomba aina ya msaada, idadi ya watu na jumla ya fedha. Kwenye leja tumia namba tu, na orodha ya majina ikae mahali pamoja, ifunguliwe na watu wawili tu. Hali ya ukaazi ya mtu usiiandike popote kama msaada hauitegemei. Mfadhili akidai orodha ya majina, mpe namba na ushahidi wa malipo, na umweleze sababu bila kuona haya. Karibu wote huelewa.

Kama shirika lenu linagawa ruzuku kwa vikundi vidogo, mathalani wakimbizi wa Kongo wanaofanya kazi viwanda vya nyama, anza kwa kuangalia hadhi ya kikundi kwenye orodha ya IRS. Kutokuwa na hadhi ya 501(c)(3), yaani ya shirika la hisani lisilotozwa kodi ya mapato, si mwisho wa safari. Kikundi kinaweza kupitia kwa shirika mdhamini, lenye hadhi hiyo na linalopokea hela kwa niaba yake, au mkakipa wenyewe kwa mkataba unaotaja matumizi na kuwapa ninyi haki ya kukagua. Ombi langu ni moja: msiwashushie akina mama wa kujitolea fomu za kurasa ishirini kwa ruzuku ya dola 5,000 eti kwa sababu ninyi mlijazishwa hivyo na mfadhili mkubwa. Barua ya ukurasa mmoja, risiti, na mazungumzo ya simu kwa Kiswahili ambayo wewe mwenyewe unayaandika vinatosha kabisa.

Fomu 990 zenu za miaka mitatu zisome mapema. Zinapatikana bure kwenye tovuti ya shirika la habari la ProPublica, na hata wakili wa mwajiri mnayemshtaki anaweza kuzisoma. Kama mwaka wenu wa fedha unaishia Desemba, mwisho wa kuwasilisha ni 15 Mei. Kwa Fomu 8868, ya kuomba kuongezewa muda, mnasogea hadi 15 Novemba. Vile vikundi vidogo vyenye mapato ya kawaida yasiyozidi dola 50,000 hujaza 990-N, fomu fupi ya aina hiyo hiyo, mtandaoni, kazi ya dakika chache, lakini havina nafasi ya kuongezewa muda. Asiyewasilisha miaka mitatu mfululizo hufutiwa hadhi moja kwa moja. Wanaoponyokwa ni hao hao, kwa kuwa katibu alihama mji na barua ya IRS ikaenda nyumba ya zamani. Wapigie simu mwezi Aprili, kikundi kimoja baada ya kingine, na ukae nao kwenye simu mpaka waseme imepokelewa.