Ubuyu wa bwenini, na marafiki waliopotelea kwenye grupu la WhatsApp

Wiki iliyopita kuna dada kaniandikia inboksi, anauliza hivi we mwenzetu umewezaje kubaki na marafiki zako wa shule mpaka leo, maana wa kwake wote wameishia kwenye grupu ambalo watu wanajitokeza kukiwa na msiba au mchango wa harusi tu. Nimemsoma nikasema hili nalijibu hapa, najua sio yeye peke yake, wengi wetu tuko hivyohivyo.

Jibu langu mimi ni ubuyu. Ule mwekundu, wenye iliki na pilipili manga, unaoacha ulimi na vidole kama umepaka rangi.

Tulikuwa wanne bweni moja, shule ya wasichana huko Iringa kwenye baridi. Mimi wa Dar, mmoja wa Tanga, mmoja wa Mbeya, mmoja wa Songea. Mimi na wa Tanga tulikuwa tunapanda basi moja, mnapita Mikumi, mnashuka mpaka bonde la Ruaha Mbuyuni kwenye joto na mibuyu kila upande, wauza vitunguu wamejazana dirishani, halafu basi linaanza kuhema kupanda Kitonga na hapo ndo unajua likizo imeisha kweli. Ubuyu wangu mimi ulikuwa wa kununua Kariakoo. Wa mwenzangu alikuwa anapikiwa na bibi yake, na nasema ukweli sijawahi kula ubuyu wa kuufikia ule, punje imeshika shira mpaka ndani, ukiiweka mdomoni kwanza inakuja sukari, halafu ule uchachu wenyewe, pilipili inakuja mwishoni kabisa wakati ushasahau.

Tulikuwa tunauficha kwenye kopo la Blue Band chini ya tranka, chini ya sare, na unatoka wakati wa prepo tu. Sheria ilikuwa kila mtu punje moja moja, unamumunya mpaka kokwa inabaki tupu, ndo unachukua nyingine. Kokwa unaweka mfuko wa sweta. Siku ya kufua tulikuwa tunazikuta zimejaa kwenye sweta za watu na matroni anauliza nani kaleta uchafu huu, bweni zima kimya. Daftari langu la historia lilikuwa na alama za vidole vyekundu kuanzia vita ya Majimaji mpaka uhuru. Wa Songea ndo alikuwa anasoma kwa sauti, sisi tunamumunya, na yeye ndo alifaulu kuliko sisi wote.

Na sio kwamba tulikuwa tunakula takataka eti. Ubuyu una vitamini C ya kutosha, wazee wetu Dodoma na Singida wameula miaka yote hiyo, Umoja wa Ulaya wenyewe mwaka 2008 ndo wakaruhusu unga wake uuzwe kwao kama kiungo cha chakula. Sisi tulikuwa nao kwenye tranka.

Miaka ya katikati naiacha, ni ileile ya kila mtu, chuo, kutafuta kazi, kuhama hama. Wa Songea akaenda Muscat kikazi. Wa Tanga akaolewa akawa bize na watoto. Wa Mbeya ndo alikuwa roho yangu kabisa, tumelala dabo deka moja, yeye juu mimi chini, na harusi yake nimeiona kwenye status. Ukumbi, keki, sare za wadada, mpaka watu aliofahamiana nao juzijuzi wamo. Mimi hata kadi ya mchango sikuletewa. Iliniuma jamani, na bado inauma, sitajifanya nimesahau kwa sababu naandika ushauri.

Nilikaa na ile hasira muda mrefu. Siku moja nikampigia wa Tanga, nikamwambia nipe upishi wa bibi. Akanipa. Nikapika, nikafunga mfuko nikapeleka stendi ya Magufuli pale Mbezi, nikautuma Mbeya. Sikuandika barua wala meseji ya kulaumu, ubuyu tu na jina langu.

Alinipigia usiku. Hata salamu hakutoa, alianza na "matroni akikukuta je?" tukacheka mpaka mume wangu akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Harusi hatujaiongelea mpaka leo. Ila tangu siku ile tunapigiana kila wiki na mwanae wa kwanza ananiita mama mkubwa.

Kwa hiyo dada yangu, acha kutuma "mambo" na "nimekumiss". Mtu anajibu "poa, nami pia" imeisha hiyo. Tuma kile mlichokuwa mnakula pamoja. Kama kwenu ilikuwa kashata tuma kashata, kama ilikuwa karanga za kukaanga tuma hizohizo, hata kama anaweza kununua mlangoni kwake, kwa sababu cha kununua hakina jina lako. Na usitume huku unaomba kitu, usiunganishe na mchango wala fursa ya biashara, watu wamechoka na fursa. Sisi wote tunapambana, tunataka kiwanja, tunataka gari, tunataka watoto wasome shule nzuri, na ni sawa kabisa, lakini siku umehamia kwenye hiyo nyumba yako nani atakuja kukaa jikoni kwako akuite kwa jina la bwenini? Wafanyakazi wenzako hawalijui. Wanawake wenzangu tusisubiri kutafutwa, tutafute. Nasema tena, tutafute.

Wa Muscat nilimpelekea kwa mtu aliyekuwa anasafiri. Ananiambia anamumunya punje mbili akitoka kazini na kopo amelificha nyuma ya unga, tabia ya bwenini haijamtoka.

Upishi ni huu. Kilo ya ubuyu, toa zile nyuzi kwanza, usiwe mvivu hapa. Sukari robo tatu, maji vikombe viwili hivi, rangi nyekundu, iliki ya kutwanga mwenyewe, pilipili manga, chumvi kidogo. Chemsha shira peke yake mpaka ianze kunata kwenye mwiko, ndo umwage ubuyu, moto mdogo, geuza bila kuacha mpaka ukaukie. Wengine wanamalizia kwa kunyunyizia unga wa ubuyu juu, mimi pia nafanya hivyo, unaongeza uchachu. Usiufunge ukiwa wa moto hata kama basi linakuacha, utatoa jasho ndani ya mfuko na utafika umekuwa bonge moja, acha ulale mpaka asubuhi.

Ukifika stendi andika namba yake na yako juu ya mzigo kwa maka pen, chukua na namba ya kondakta. Risiti ipige picha umtumie huyo rafiki yako, na usiandike kingine chochote, atakupigia mwenyewe.