Jogoo haonekani kwenye simu: tumwondoe au tumchore upya?

SWALI: Kampuni yetu ya familia inatengeneza sabuni kwa zaidi ya miaka 60. Nembo yetu ni jogoo mwekundu aliyechorwa unyoya kwa unyoya, amesimama juu ya utepe wenye jina letu. Kwenye simu anaonekana kama doa. Vijana wa masoko wanataka libaki jina tu, kwa herufi nyembamba. Wazee hawataki hata kusikia. Nani yuko sahihi?

JIBU: Wazee, ingawa huenda hawajui kwa nini. Mlichonieleza ni kasoro ya mchoro, na mchoro unarekebishika bila kumfukuza jogoo.

Kabla ya kumlipa mbunifu, wapeni wateja kumi karatasi na kalamu, wachore pakiti yenu bila kuiona. Wafanyakazi wasihusike, wao wanaishi nayo. Kinachojitokeza karatasi baada ya karatasi msikiguse. Kisichochorwa na yeyote, labda ule utepe, kinaweza kuondoka.

Januari 2009, huko Marekani, Tropicana waliondoa kwenye boksi la juisi chungwa lililochomekwa mrija, wakaweka picha ya glasi na kulilaza jina ubavu. Juisi ilikuwa ileile. Katika muda usiofika miezi miwili mauzo yalishuka kwa takriban asilimia 20, na boksi la zamani likarudishwa. Mnunuzi hasomi rafu. Jicho linatafuta kitu linachokijua, lisipokiona linapita. Mastercard walikwenda taratibu: 2016 walilitoa jina ndani ya duara zao mbili na kuliweka chini yake, na 2019 ndipo wakaliacha kabisa. Duara hizo zilikuwa zimeonekana tangu miaka ya 1960. Ninyi jina msiliondoe.

Sasa kazi yenyewe. Jogoo achorwe upya kwa vekta, yaani mchoro wa kompyuta unaokuzwa au kupunguzwa bila kufifia, kwa viwango vitatu: mwenye manyoya yote kwa katoni, mwenye mistari michache na minene kwa pakiti, na kichwa na kishungi tu kwa skrini. Hicho cha mwisho kijaribuni kwa pikseli 16 kwa 16, kisha kwa wino mweusi peke yake, maana kuna siku atapigwa kwenye muhuri. Lyle's wa Uingereza, watengenezaji wa sharubati ya sukari, walifanya jambo linalokaribiana na hili mwaka 2024: chupa zilipata kichwa cha simba kilichorahisishwa, kopo la zamani likabaki na mchoro wake wa karne ya 19.

Herufi nyembamba sizipendi, na si kwa ladha tu. Herufi nyeupe juu ya plastiki yenye rangi humezwa wino unapotanuka. Nyekundu yenu nayo msiichukue kwenye picha iliyoskaniwa. Tafuteni pakiti ambayo haijapauka, mchague namba ya Pantone (orodha ya rangi zenye namba inayotumiwa na wachapaji) inayolingana nayo, na kila kiwanda cha uchapaji kipewe namba hiyohiyo.

Mwonyesheni mwanasheria mchoro kabla ya kuchapa. Ibara ya 5C ya Mkataba wa Paris wa kulinda mali za kiviwanda (si ule wa tabianchi) inaruhusu alama iliyosajiliwa itumike kwa umbo lililobadilika kidogo, mradi kile kinachoitofautisha hakijaguswa. Jogoo akibaki, mna hoja. Akiondoka, jina kwa herufi mpya huenda likahitaji maombi mapya ya usajili, na hapo vijana wawaambie wazee gharama yake.