Mlokole kukaa ukumbini harusi ya dada yake: jibu langu kwa mdau wa Buswelu

Mkuu, unasema dada yako anaolewa, kamati imeshalipia ukumbi, na wenzako wa kikundi cha maombi wamekwambia aliyeokoka anatoka nje muziki ukianza. Wamekupa Waefeso 5:4, inayokataza "maneno ya upuuzi". Mimi ni Mkatoliki, wewe mlokole, ila hapo Biblia yetu ni moja.

Anza kusoma mstari wa 3. Paulo anataja uasherati, uchafu na tamaa, ndipo anafika kwenye hayo maneno. Anakemea mizaha michafu. Shangwe hajaigusa. Yesu mwenyewe alialikwa harusini Kana, divai ikaisha, akaagiza mitungi sita ijazwe maji, yakawa divai; kila mmoja ulichukua nzio mbili au tatu, na nzio ni kipimo cha kale cha karibu lita 40. Ukipiga hesabu inapita lita 400.

Kweli, wapo waalimu wa kale waliokitilia shaka kicheko. Yohane Krisostomo alisisitiza kwamba Injili zinamwonyesha Kristo akilia, wala hazisemi popote kuwa alicheka. Lakini karne ya 13 mwanateolojia Tomaso wa Akwino aliandika kwamba kujua kucheza na kutania kwa kiasi ni fadhila, maana akili nayo huchoka na lazima ipumzishwe. Tena akasema mtu asiyechangamka kamwe, anayewaharibia na wenzake furaha, anakosea. Alikiri kuwa kuzidisha ni kubaya kuliko kupungukiwa, na ninakubaliana naye, ila makanisani kwetu tumefundishwa la kuzidisha tu.

Mimi hili lilinikaa moyoni msibani. Tulipomzika bibi kule Magu, watani walifika asubuhi. Mmoja, mama mtu mzima, alijifunga kitenge cha marehemu, akashika fimbo yake, akazunguka uani ameinama huku anauliza, kwa sauti ileile ya bibi, kuku wake wangapi wameshaliwa tangu afe. Mama yangu hakuwa ametia kitu kinywani tangu jana yake. Alicheka mpaka akakaa chini, akalia, halafu akaomba uji. Katekista alinuna. Padri alimwacha yule mtani amalize, na kwenye mahubiri akatuambia kuwa anayeamini ufufuko hana sababu ya kuogopa kucheka karibu na kaburi.

Au panda gari uende Bujora, pale Kisesa, mwezi wa 6 wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanzisha makumbusho ya Wasukuma pale, hakuwaambia watu waziache ngoma zao ndipo wamwabudu Mungu. Sikukuu ya Ekaristi ilikwenda pamoja na mashindano ya Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana. Ukisimama karibu na wacheza bugobogobo, ngoma ya majembe, majembe yanavyorushwa na vumbi linavyopanda, sidhani kama utaona kitu cha kumwonea Mungu aibu.

Kipimo changu ni hiki: nani anaumia ili wengine wacheke? Amosi 6 anawashukia waliojinyoosha kwenye vitanda vya pembe wakiimba na vinanda. Kosa lao ni kwamba hawakuhuzunika kwa mateso ya Yusufu, yaani ya watu wa taifa lao. Kuna harusi moja Kirumba, MC alimwinua baba wa bwana harusi, mvuvi wa dagaa, akaanza kuvitangaza viatu vyake vilivyochanika. Ukumbi mzima ulicheka. Mzee akavirudisha miguu chini ya kiti. Kicheko kile ndicho Paulo alichokikataa, na hapo hata mimi ningetoka.

Lakini kutoka kwa sababu watu wanafurahi tu? Soma Luka 15, mfano wa mwana mpotevu aliyerudi nyumbani akafanyiwa sherehe. Kaka mkubwa anasikia ngoma na machezo, anagoma kuingia, na baba anamfuata nje kumsihi: "kufanya furaha na shangwe ilipasa". Ilipasa, mkuu. Na Yesu hatuambii kama kaka aliingia.

Kwa hiyo ingia. Wakati wa zawadi nenda na shangazi zako mkicheza, dada yako akuone. Na kwa kuwa uko kwenye kamati, mtafute MC mapema, umtajie wazi watu gani na mambo gani asiyaguse kwenye utani wake.