Shangazi aliyegongwa na "baiskeli tu": mpelekeni eksirei

Mleta uzi, pole sana. Umesema shangazi yako alikuwa abiria wa bodaboda, ikagongana na baiskeli pale Mikindani juzi, na unauliza akandwe nyumbani au aende hospitali, na nani alipe. Wachangiaji wengi hapo juu wanasema "hiyo ni baiskeli tu". Mimi "baiskeli tu" ilinifungisha hogo (plasta ngumu ya mguu) wiki sita.

Ilikuwa msimu wa korosho, natoka Naliendele kuja mjini Mtwara, jua limeshazama. Nimekaa upande, miguu kushoto, kama tunavyokaa akina mama wenye vitenge, maana kulia kuna bomba la moshi na limeshatuunguza wengi. Sasa fikirini: baiskeli zinapita ukingoni kushoto, boda anazipita kwa kulia. Miguu iliyoning'inia upande wa baiskeli ni ya nani?

Mbele yetu babu mmoja kafunga kuni za kukingama, zimetokeza kuzidi usukani, nyuma hana hata kipande cha kuakisi mwanga. Boda akapiga honi. Babu akakwepa shimo, akatujia. Kuni moja ikanasa kitenge changu. Dereva hakuanguka, alikwenda kama hatua ishirini ndipo akagundua hana abiria. Kofia ngumu ilikuwepo, imening'inia kwenye usukani wake. Mimi niko chini, kisogo kinavuma, natafuta kiatu.

Watu wakajaa. Babu kachubuka viwiko, anaokota kuni zake huku anaomba radhi. Ukimtazama unaona kabisa hana cha kulipa. Boda akanipa elfu tano ya dawa za maumivu, tukasameheana, nikaenda nyumbani nachechemea. Mama mkwe akanichua kifundo kwa mafuta ya nazi, kwa nia njema. Usiku mguu ulivimba hadi kidole hakionekani kilipoanzia.

Asubuhi hospitalini daktari aliniambia jambo moja tu: tembea hatua nne. Nikashindwa ya pili. Eksirei ikaonyesha mfupa mwembamba wa nje umevunjika juu kidogo ya kifundo, na ule uchuaji ulikuwa umenizidishia uvimbe bure. Nikachomwa na sindano ya pepopunda kwa ajili ya michubuko. (Baadaye niligundua Shirika la Afya Duniani limeipa ajali ya mwendesha pikipiki au abiria wake kugongana na baiskeli namba yake kabisa kwenye ICD-10, orodha yake ya kuainisha magonjwa na majeraha: V21. Nami nilidhani ni mkosi wangu peke yangu.)

Kichwa kilinitisha zaidi ya mguu. Walimwambia mume wangu anichunge usiku mzima: nikitapika, nikisinzia kupita kawaida, nikiongea visivyoeleweka au maumivu yakizidi, nirudishwe saa hiyohiyo. Muulize shangazi kama anakumbuka namna alivyoanguka. Kama kuna kipande hakikumbuki, hilo peke yake ni sababu ya kwenda.

Kuhusu malipo, hapo ndipo nilipojikoroga mwenyewe. Baiskeli haina bima. Pikipiki inatakiwa iwe nayo, ile ya lazima, lakini polisi walipokuwa wananiandikia PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi) waliniuliza namba ya pikipiki. Nilikumbuka inaanzia MC, na pikipiki karibu zote zinaanzia MC. Sikuwa na picha, sikuwa na simu ya dereva, ile elfu tano nilishaitumia. Kwa hiyo nendeni kijiweni alikopandia, dereva anajulikana tu pale, chukueni namba kabla hajabadilishiwa pikipiki na tajiri wake.

Halafu umeandika, katikati ya maneno mengine, kwamba leo siku ya tatu na bado anakwenda chooni kwa kushika ukuta. Mkuu, funga simu umpeleke sasa hivi, na msikodi boda.