Baiskeli mbili hadi korongo la Ol Njorowa

Hell's Gate ni mojawapo ya mbuga chache za Kenya ambamo unaruhusiwa kuingia kwa baiskeli na kupita karibu na pundamilia, twiga na kongoni bila kufungiwa ndani ya gari. Iko Naivasha, kaunti ya Nakuru, na imekuwa mbuga ya kitaifa tangu 1984. Kutoka lango la Elsa hadi kituo cha askari wa mbuga pale korongoni ni kama kilomita 8 za barabara ya vumbi. Mtu mwenye afya ya kawaida anazimudu. Marafiki wawili wakirudi wamechoka na kununiana, mara nyingi chanzo ni baiskeli iliyochaguliwa mbiombio, au ni kusahau kwamba kurudi ni kazi kuliko kwenda.

Kiingilio lipeni kwa eCitizen, tovuti ya serikali ya malipo, usiku wa kuamkia safari, kwa sababu langoni hawapokei pesa taslimu na si vizuri kuanza kutafuta mtandao huku jua linapanda. Asubuhi pandeni mjini Naivasha matatu zinazoelekea mahali paitwapo Kongoni, mshukie njia panda ya Hell's Gate kwenye barabara ya Moi South Lake. Kutoka hapo hadi lango la Elsa ni kama kilomita 2. Baiskeli zinakodishwa njia panda na langoni pia. Afadhali mkodi njia panda: zile kilomita 2 zitawaonyesha kasoro zote mapema, mkiwa bado mnaweza kurudi kubadilisha.

Ukaguzi wa baiskeli unataka dakika 15, na msikubali kuharakishwa. Anza na breki. Bana mkono wa breki kwa nguvu. Mkono huo ukigusa usukani, waya umelegea. Inama utazame raba zenyewe: zikibaki na unene chini ya milimita 3, au zikiwa zinagusa tairi badala ya rimu, kataa. Raba inayosugua ubavu wa tairi huutoboa kabla hamjafika mbali. Kisha shika breki ya mbele na usukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mgongano wa kitu kinachochezacheza kwenye shingo ya usukani, mwambie fundi akaze.

Sasa inua gurudumu la nyuma, zungusha pedali kwa mkono, upitishe gia zote moja baada ya nyingine. Baiskeli za kukodi hulazwa chini kila siku, na zikilazwa upande wa kulia, kile kimkono cha nyuma kinachohamisha cheni hupinda kuelekea ndani. Simama nyuma ya gurudumu ukitazame: kinapaswa kuning'inia wima, sambamba na gurudumu. Kikiinama kuelekea spoku, siku utakapoweka gia nyepesi kabisa kwenye mlima kitaingia katikati ya spoku, na hapo mtarudi mkisukuma. Hiyo si ya kukaza wala kupaka mafuta. Omba baiskeli nyingine.

Kiti kiwekwe hivi: kaa, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, na mguu unyooke. Ukikanyaga baadaye kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo, inavyotakiwa. Wengi huendesha na kiti kikiwa chini mno, kisha wanalaumu magoti. Kama ni lazima kiinuliwe hadi alama ya mwisho kwenye nguzo yake ionekane, fremu hiyo ni ndogo kwako.

Jambo ambalo watu wawili husahau: chukueni baiskeli zenye magurudumu ya saizi moja. Saizi imeandikwa ubavuni mwa tairi, 26, 27.5 au 29. Hapo tyubu moja ya akiba itawafaa nyote wawili. Vali nazo zifanane. Vali nene kama ya gari haiingii kwenye tundu la rimu iliyotobolewa kwa vali nyembamba. Mbali na tyubu, bebeni pampu, vyuma viwili vya kufungulia tairi, viraka na gundi yake, na spana ya nati za gurudumu kama halifunguki kwa mkono.

Pancha za huku zina sababu mbili, na kila moja ina alama yake. Tundu moja dogo ni mwiba wa mgunga. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi pande zote, maana mwiba ukiachwa humo, tyubu mpya nayo itakwenda. Matundu mawili yaliyo sambamba maana yake tairi lilikuwa na upepo mchache, likabanwa kati ya jiwe na rimu. Kwa tairi la inchi 26 lenye upana wa inchi 2 na mtu wa kilo 70, presha ya 35 hadi 40 psi inatosha. Zaidi ya hapo, matuta madogo madogo ya barabara yatawatikisa mikono hadi ife ganzi.

Mkishaingia, aliye mzito wa mwendo atangulie. Akibaki nyuma atajilazimisha, na atakuwa amekwisha kabla ya nusu ya njia. Wa nyuma aache mita 10, asile vumbi na apate nafasi ya kusimama. Mchanga mwingi ukitokea, weka gia nyepesi kabla hujaufikia, sogeza uzito nyuma, endelea kukanyaga na usiguse breki ya mbele.

Mnara wa Fischer, ule mwamba wa volkano wenye urefu wa mita 25 hivi, uko karibu na lango. Simameni hapo muwaangalie pimbi wakiota jua, mkanywe maji. Mbele yake bonde linafunguka, kuta nyekundu pande zote, na ndipo penye wanyama wengi. Pundamilia na swala watawapisha. Nyati ni habari nyingine. Mkimwona karibu na barabara, simameni mapema, msogeleane, msubiri aondoke au gari lipite mjifiche ubavuni mwake. Msijaribu kumpita kwa kasi.

Kila mtu abebe angalau lita 2 za maji, kwenye chupa ya kudumu, kwa kuwa plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku mbugani tangu Juni 2020. Chakula kikae ndani ya begi lililofungwa zipu. Pale korongoni nyani wanajua kabisa begi lililo wazi lina nini, na ndizi mkononi haidumu.

Korongo lenyewe msiingie bila mwongozaji, na msiingie kabisa mvua ikinyesha au mawingu yakiwa mazito, hata kama ni mbali juu kwenye vilima. Maji hushuka kwa ghafla kwenye kuta zile nyembamba, na hakuna pa kukimbilia. Aprili 2012 na Septemba 2019 yaliua watu. Askari wakisema limefungwa, geuzeni baiskeli bila ubishi.

Kuhusu kurudi: korongo lilichongwa na maji ya ziwa la kale, kubwa kuliko Naivasha ya leo, yaliyokuwa yakitoka kuelekea kusini. Nanyi mkienda mnafuata njia hiyohiyo ya maji, kwa jumla mnateremka, ndiyo maana miguu inakuwa myepesi. Kurudi ni kupanda, jua likiwa utosini. Kwa hiyo ingieni saa moja asubuhi, mwanze kurudi kabla ya saa tano, na lita moja ya kila mmoja iwe bado haijaguswa. Mkichelewa, kaeni kivulini hadi saa tisa hivi, lakini msipitishe hapo: jioni wafanyakazi wa mashamba ya maua wanapotoka kazini, matatu za kurudi mjini hufika njia panda zikiwa zimejaa.