Injini kwenye Phoenix: meno 36 au 44, na breki zipi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Phoenix ya inchi 28 aliyoniachia marehemu baba. Nimenunua injini ya petroli ya kufunga kwenye baiskeli, ile wanayoiita 80cc. Ndani ya boksi kuna spoketi (lile duara la meno linalovutwa na cheni) ya meno 44, cheni nene na roli ya kukazia cheni. Muuzaji ana spoketi nyingine ya meno 36, anasema nikiifunga nitakimbia 60 kwa saa. Nakaa Ipogoro na kazi yangu iko Iringa mjini, kwa hiyo asubuhi napanda, jioni nashuka. Nichukue spoketi ipi? Cheni ya kawaida ya baiskeli haiwezi kutosha? Na breki za vyuma zilizopo naweza kuziacha? (Msomaji, Ipogoro)

JIBU: Marahaba. Naanza na swali lako la mwisho, maana hilo ndilo litakaloamua mengine yote. Breki za vyuma usiziache. Na kwa mlima ule unaoushuka kila jioni, nakushauri injini isifungwe kwenye Phoenix kabisa.

Geuza baiskeli juu chini, ushike mkono wa breki utazame. Fimbo inavuta viatu viwili vya mpira vikabane rimu kwa upande wa ndani, na rimu yenyewe ni chuma kilichopakwa kromu. Pakiwa pakavu, kwa mwendo wa kanyagio, inasimama. Ikilowa kidogo tu, mpira unateleza juu ya kromu kama sabuni. Sasa ongeza mwendo. Ukitoka 20 kwa saa ukafika 40, nguvu ambayo breki inapaswa kuimeza haizidi mara mbili, inazidi mara nne. Kwa 40 unasafiri mita 11 kila sekunde, na sekunde moja nzima inaweza kupita kabla vidole vyako havijabana chochote.

Utaniuliza: si nibadilishe breki tu? Tatizo ni foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Foki ya Phoenix haina masikio ya kufungia breki ya diski wala vishikizo vya breki za V (zile za mikono miwili inayobana rimu pande zote mbili), na shingo yake ni nyembamba kuliko ya baiskeli za milima, kwa hiyo huwezi kuchomoa foki ya baiskeli ya milima ukaiingiza kwenye Phoenix. Kuna mafundi watakaokuchomelea masikio. Mimi sichomelei kitu kwenye foki ambayo mtu atashuka nayo mlima wa Ipogoro. Iache baiskeli ya mzee ilivyo. Tafuta baiskeli ya milima ya mtumba, inchi 26, fremu ya chuma na siyo alumini, foki ngumu isiyo na springi, yenye masikio ya diski mbele.

Mbele funga diski ya kuvutwa kwa waya. Ya mafuta inabana vizuri zaidi, lakini waya ukikatika unapata mwingine duka lolote la baiskeli. Diski ya milimita 160 inatosha. Ukipata ya 180 pamoja na kibao chake cha kufungia breki kwenye foki, chukua hiyo. Breki ya mbele ndiyo itakayokubebea kazi kubwa, kwa sababu ukibana, uzito mwingi unahamia mbele na tairi la nyuma linabaki jepesi.

Nyuma ndipo wengi wanapokwama. Diski ya nyuma hukaa kushoto kwa habu (kitovu cha gurudumu), na spoketi ya injini nayo inataka kukaa hapo hapo, kwa kuwa kulia pameshachukuliwa na cheni ya kanyagio. Usihangaike kuvibananisha viwili. Nyuma weka breki za V juu ya rimu ya alumini.

Kuna watu wanafunga mkono mmoja unaovuta nyaya mbili, kwa sababu mkono wa kushoto unashughulika na klachi. Mkono huo ukivunjika, umepoteza breki zote kwa mkupuo. Breki ya mbele iwe na mkono wake kulia. Ya nyuma iwe kushoto, chini ya mkono wa klachi. Klachi ya injini hizi ina pini ya kuifungia ikishabanwa, kwa hiyo vidole vya kushoto vinapata nafasi ya breki.

Sasa spoketi. Kwanza, injini yako siyo 80cc (cc ni ujazo wa silinda). Pistoni za nyingi ya hizi zina kipenyo cha milimita 47, na hupanda na kushuka milimita 38. Ukipiga hesabu inakuja 66cc. Ndani ya injini gia zinapunguza mzunguko mara 4.1, kisha spoketi ndogo ina meno 10. Ukifunga 44 nyuma, injini inazunguka mara 18 ili gurudumu lizunguke mara moja. Kwa tairi la inchi 26, injini ikiwa kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika unakwenda kama 34 kwa saa. Kwa meno 36 unafika kama 42. Hiyo 60 ya muuzaji ingedai mizunguko zaidi ya 7,000 kwa meno 36, na zaidi ya 8,700 kwa meno 44. Injini hii haikutengenezwa kuishi huko. Meno 44 yanakupa nguvu ya kupanda zaidi kwa asilimia 22, na mlima wako unaihitaji kila asubuhi. Chukua 44.

Cheni ya baiskeli, hapana. Cheni zote mbili zina umbali uleule wa milimita 12.7 kati ya pini na pini, na ndiyo maana watu hudanganyika. Ya baiskeli ina upana wa ndani wa milimita 3 na kidogo. Ya kwenye boksi lako, namba 415, inakaribia 5. Ya baiskeli haitakaa hata kwenye meno. Kilipu ya kuungia cheni uiweke upande uliofungwa ukitangulia kule cheni inakokwenda.

Spoketi ya boksi hubanwa kwenye spoku kwa bolti 9 na raba mbili. Mpangilio huo umekusudiwa gurudumu la spoku 36. Phoenix nyingi zina 40 nyuma, kwa hiyo bolti zingegombana na spoku, sababu nyingine ya kuiacha. Hata kwenye spoku 36 siipendi, maana spoketi ikikaa nje ya kati kidogo tu, cheni inakaza na kulegea kila mzunguko na spoku zinakatika moja moja. Afadhali ununue kile kishikizo cha alumini chenye nusu mbili kinachobana shingo ya habu, ukipimie kipenyo cha habu yako kwanza.

Na roli ya kukazia, tafadhali. Niliwahi kupokea baiskeli ambayo roli yake ilijizungusha kwenye bomba la fremu ikaingia kwenye spoku. Gurudumu lilijifunga ghafla, na kijana aliyekuwa juu yake alivunjika mfupa wa bega. Kile kishikizo chake kinategemea bolti mbili tu kubana bomba la mviringo. Ukiweza, usikitumie kabisa: punguza pingili za cheni, kisha vuta gurudumu nyuma mpaka cheni icheze kama milimita 12 katikati. Ukilazimika kukitumia, kizuie kwa bolti inayopenya kishikizo chenyewe, na nati yenye nailoni ndani.

Ukimaliza, vuta uzi kutoka spoketi ndogo hadi kubwa uone kama zimenyooka. Endesha siku mbili za kwanza huko Ipogoro chini, kwenye tambarare, injini ikiwa imezimwa na klachi imebanwa, ukijaribu breki moja moja. Baada ya kilomita 20 rudia kukaza kila bolti ya spoketi, halafu ndipo uuguse mlima.